Leseni Huria na Leseni Funge katika Michezo ya Uhusika ya Mezani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila tunapokutana kucheza, hatumalizi jioni bila mtu kuuliza: "Hivi nikiandika kisa changu nikakiuza, nitashtakiwa?" Nimejibu kwa mdomo mpaka nimechoka, ndiyo maana nimeandika. Mimi si mwanasheria. Ni mwongozaji wa michezo na mwandishi wa visa, na leseni hizi nimezisoma mstari kwa mstari kwa sababu ilinibidi.

Michezo ya uhusika ya mezani ndiyo ipi?

Watu wanne au watano wamekaa mezani. Mmoja ni mwongozaji: anasimulia na kuamua. Wengine kila mmoja kavaa uhusika wake, huyu mpiganaji, yule mganga, yule mwizi. Unasema unachotaka kufanya, unarusha dadu, kanuni zinasema umefaulu au umeanguka. Mama wa michezo yote hii ni Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, iliyotoka Marekani mwaka 1974. Humu nitaiita D&D.

Kitabu nimenunua kwa hela yangu. Leseni ya nini tena?

Kucheza hakuhitaji leseni. Cheza, geuza kanuni, tunga mazimwi yako, hakuna atakayekudai. Leseni inaanza kukuhusu siku unapotoa kitu hadharani: kisa cha kuuza, kitabu cha kanuni, programu ya simu, tafsiri.

Kwani kanuni za mchezo zina mwenyewe?

Kwa upande wa hakimiliki, hapana. Chukua bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64, unaanza na namua kisha unaingia mtaji. Mtu akiandika kitabu cha kufundisha bao, maneno na michoro yake ni mali yake, na ukinakili kurasa zake umemwibia. Lakini hawezi kukuzuia kucheza bao, wala kuandika kitabu chako kinachoeleza namua kwa maneno yako.

Mkataba wa kimataifa wa TRIPS, kifungu cha 9(2), unasema hivyo hivyo: hakimiliki inalinda namna jambo lilivyoelezwa, si wazo, utaratibu wala mbinu yenyewe. Huo ni mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, na Kenya, Tanzania na Uganda ni wanachama wake. Marekani, ambako vitabu vingi vya michezo hii hutoka, Mahakama ya Juu ililisema zamani katika kesi ya Baker v. Selden ya 1879. Ile ilihusu kitabu cha uhasibu: kitabu kina hakimiliki, mfumo wa hesabu ulioelezwa ndani yake hauna. Mwaka 2016 mahakama moja ya Texas ilifuata mkondo huo kwenye mchezo wa karata uitwao Bang!. Mchezo wa Kichina uliokuwa na kanuni karibu zilezile, lakini wahusika na mandhari tofauti, ulionekana haujavunja hakimiliki.

Alama ya biashara ni jambo jingine kabisa. Jina "Dungeons & Dragons" lina mwenyewe, na huwezi kulibandika kwenye jalada lako kana kwamba kitabu kimetoka kwake.

Kama kanuni hazina mwenyewe, leseni huria inanisaidia nini?

Hapa ndipo penye utamu. Mpaka kati ya kanuni na maelezo hauna uzio. "Ukipata 20 unaumiza maradufu" ni kanuni, hilo halina ubishi. Je, orodha ya uchawi mia tatu, kila mmoja na jina lake, masafa yake, muda wake na sentensi zake tatu? Wakili mmoja atakuambia ni kanuni tupu, mwingine atakuambia ni kazi ya sanaa, na njia pekee ya kujua nani kasema kweli ni kwenda mahakamani. Wewe unayeuza kisa kwa dola tatu, mahakama ya wapi?

Hofu hiyo haikuwa ya kubuni. Kampuni ya TSR, iliyomiliki D&D mpaka 1997, ilikuwa na sifa ya kukimbilia mawakili. Ilipambana na Mayfair Games kwa sababu ya vitabu vya ziada vilivyoendana na D&D, na katika miaka ya 1990 iliwaandama hata mashabiki waliokuwa wakiweka visa vyao bure kwenye intaneti. Kinachochekesha ni kwamba TSR yenyewe ilianza kwa kuokota vya watu: matoleo ya kwanza ya D&D yalikuwa na hobbit, mpaka wenye haki za kazi za Tolkien wakaja juu na jina likageuzwa kuwa halfling.

Basi leseni huria si ruhusa ya kutumia kanuni tu. Ni ahadi ya maandishi kwamba hutashtakiwa maadamu umefuata masharti. Unachonunua ni usingizi, na wakati mwingine bei yake si ndogo. OGL, leseni ambayo tutaifikia, katika kifungu chake cha 7 ilikukataza kusema kazi yako inaendana na alama ya biashara ya mwingine bila makubaliano naye, ingawa sheria ya kawaida mara nyingi inakuruhusu kusema hivyo. Kwa hiyo kwa kusaini unapewa kimoja na kunyang'anywa kingine.

Tofauti ya huria na funge ni nini hasa? Malipo?

Wengi wanadhani ni malipo. Mimi sikubali. Zipo leseni funge za bure kabisa, na kazi huria unaweza kuiuza kwa bei unayotaka. Swali la kwanza la kuuliza ni hili: aliyekupa anaweza kukunyang'anya?

Kama hawezi, umepewa. Kama anaweza, umeazimwa, na wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako.

Maswali mengine huja baadaye. Kila mtu anaruhusiwa, au waliochaguliwa tu? Naweza kugeuza? Naweza kuuza popote, au dukani kwake tu? Lazima nami niachie kazi yangu? Ukishajibu hayo utaona kuwa leseni nyingi haziko upande huu wala ule. Ziko katikati, na jina "huria" lililoandikwa juu halikuambii lolote.

OGL ilianzaje?

Mwaka 1997 Wizards of the Coast waliinunua TSR iliyokuwa inazama kwa madeni. Mwaka 1999 Hasbro wakawanunua Wizards. Toleo la tatu la D&D lilipotoka mwaka 2000, lilikuja na Open Game License, OGL kwa kifupi. Aliyeipigania ni Ryan Dancey, ambaye alikuwa ameangalia jinsi programu huria zinavyosambaa na kuona somo kwa biashara ya michezo. Hesabu yake ilikuwa ya kibiashara: visa vidogovidogo vina gharama na faida yake ni kiduchu kwa kampuni kubwa, lakini kila kisa kinachouzwa na kampuni ndogo kinamfanya mtu mwingine anunue kitabu kikuu cha kanuni. Waache wadogo waandike visa, sisi tuuze kitabu.

Kanuni zilizoachiwa ziliwekwa katika hati iitwayo SRD. Vilivyobaki ndani ya ngome viliitwa "utambulisho wa bidhaa": majina ya dunia zao, wahusika wao, na mazimwi kadhaa kama beholder na mind flayer. Mimi niliwahi kuandika kisa cha kurasa kumi na mbili ambacho adui wake mkuu alikuwa mind flayer, nikakichora na kukipanga, ndipo nikasoma orodha ile. Nililala saa tisa usiku nikimgeuza kuwa jini wa kisimani. Kusema kweli, kisa kikawa kizuri zaidi.

Jambo ambalo watu husahau: mwaka ule zilitoka leseni mbili. Ya pili ilikuwa ya nembo ya "d20", ile ya kubandika jaladani ili mnunuzi ajue kitabu kinaendana na D&D. Hiyo Wizards waliweza kuibadili masharti au kuikatisha. Mwaka 2003 waliongeza masharti ya maadili kwa sababu ya kitabu kimoja cha mambo ya chumbani kilichokuwa kinakuja, na mwaka 2008 waliikatisha kabisa. Waliojenga juu ya OGL waliendelea. Waliojenga juu ya nembo ilibidi waing'oe kwenye majalada. Ni kampuni ileile, mwaka uleule, moja zawadi na nyingine azima.

Mwaka 2008 palitokea nini kingine?

Toleo la nne la D&D lilitoka bila OGL. Mahali pake ikaja leseni ya GSL, ambayo Wizards waliweza kuibadili wakati wowote, na toleo lake la kwanza lilitaka mchapishaji anayehamishia mfululizo wake wa vitabu huko aache kuutoa chini ya OGL. Paizo, kampuni iliyokuwa ikichapisha majarida ya D&D mpaka mkataba ulipoisha 2007, ikakataa. Ikachukua kanuni za toleo la 3.5 (lile la tatu lililorekebishwa), ambazo tayari zilikuwa huru, na mwaka 2009 ikatoa Pathfinder. Wizards wakajikuta wanashindana na mchezo wao wenyewe wa zamani, na hawakuwa na la kufanya.

Ukitaka ushahidi kwamba OGL ilikuwa huria kweli, ni huo. Leseni ambayo haijawahi kumuudhi aliyeitoa bado haijajaribiwa.

Na vurumai la 2023? Nimesikia tu kwa mbali.

Tarehe 5 Januari 2023 mwandishi wa habari Linda Codega wa Gizmodo alifichua rasimu ya OGL 1.1. Ilikuwa na mambo manne yaliyowachoma watu.

La kwanza, mrabaha: 25% ya mapato yote yanayozidi dola 750,000 kwa mwaka. Angalia neno mapato. Si faida. Ni kabla hujamlipa mchapaji, mchoraji na msafirishaji. La pili, kila anayeingiza zaidi ya dola 50,000 aripoti. La tatu, Wizards wapate haki ya kudumu ya kutumia chochote utakachoandika, bila kukulipa. Mimi yote hayo ningeyameza. Nani ananilipa dola 50,000?

La nne ndilo lililotingisha nyumba: kwamba OGL 1.0a ya mwaka 2000 "haijaidhinishwa tena". Kifungu cha 9 cha leseni ya zamani kilisema unaweza kutumia toleo lolote "lililoidhinishwa" la leseni hiyo. Kwa miaka 22 kila mtu alilisoma neno hilo kama pambo. Sasa mawakili walilishika na kusema: kama lipo lililoidhinishwa, basi tunaweza kuondoa idhini. Na leseni ilisema ni "ya kudumu", lakini haikusema popote kwamba "haibatilishiki". Maelfu ya vitabu, kampuni nzima na riziki za watu zilikuwa zimening'inia kwenye kivumishi kimoja ambacho hakikuandikwa.

Watu walighadhibika. Waraka wa wazi wa kupinga ulipata sahihi zaidi ya 60,000. Wengi wakafuta malipo yao ya mwezi kwenye D&D Beyond, huduma ya mtandaoni ambayo Hasbro walikuwa wameinunua mwaka uliotangulia kwa dola milioni 146.3. Paizo walitangaza leseni mbadala, na wakasema akiba ya kitabu chao kikuu iliyotarajiwa kutosha miezi minane iliisha ndani ya wiki mbili. Tarehe 13 Wizards walijitokeza na kusema kwamba dadu yao imeangukia 1, yaani wamefeli. Tarehe 19 wakaleta rasimu nyingine, OGL 1.2, na dodoso. Walijibu watu zaidi ya 15,000: 88% wakasema hawatachapisha chini ya leseni hiyo, na 89% hawakuridhika na kuondolewa idhini kwa ile ya zamani.

Tarehe 27 Januari wakasalimu amri. OGL 1.0a ikaachwa kama ilivyo, na SRD 5.1 yote, ile ya toleo la tano, kurasa kama 400, ikawekwa chini ya Creative Commons BY 4.0 (CC BY kwa kifupi). Leseni hiyo haiandikwi na Wizards wala Hasbro, na imeandikwa waziwazi kwamba haibatilishiki. Mwaka 2025 SRD 5.2 nayo ikafuata njia hiyo.

Lakini kisheria, wangeweza kweli kuifuta ile ya zamani?

Hakuna mahakama iliyowahi kuamua. Dancey mwenyewe alisema hilo halikuwa kusudio, na maelezo ya Wizards wa zamani yalisema kwamba wakibadili leseni, unaweza kuendelea na toleo la awali. Mimi naamini wangeshindwa. Ila imani yangu haimlipi wakili.

ORC ni nini, na inashindaje Creative Commons?

ORC ndiyo leseni iliyoanzishwa na Paizo na wenzao, ikaandikwa na kampuni ya mawakili ya Azora Law, na kukamilika katikati ya 2023. Haimilikiwi na mchapishaji yeyote, na neno "haibatilishiki" limo. Walishaumwa na nyoka.

Tofauti kubwa ni hii. Chini ya ORC kanuni za mchezo zinakuwa huru moja kwa moja, pamoja na zile utakazoongeza wewe, ilhali majina, wahusika, hadithi na dunia yako vinabaki vyako bila hata kuviorodhesha. Chini ya CC BY huwajibiki kuachia chochote: unataja chanzo, unasema umebadili nini, unaendelea. Ukitaka wengine walazimike kuachia kama ulivyoachia wewe, ipo CC BY-SA. Cairn, mchezo mdogo wa kurasa chache, unatumia hiyo. Fate Core na Blades in the Dark wametoa kanuni zao kwa CC BY.

Jihadhari na herufi NC. Maana yake hairuhusiwi biashara. Watu huiona CC wakashangilia, wakatafsiri mchezo mzima, ndipo wakagundua hawawezi kuuza hata nakala moja.

Kwa hiyo leseni funge ni mbaya?

Hapana, ili mradi unajua unachoingia. Duka la mtandaoni la DMs Guild, lililofunguliwa 2016, linakuruhusu kutumia dunia ya Forgotten Realms na mazimwi ambayo hayamo katika SRD. Mwandishi anapata nusu ya bei. Nusu nyingine inagawanywa kati ya duka na Wizards, na kazi uliyoiweka pale huwezi kuiuza kwingine. Kwa anayeanza, asiye na wasomaji, nusu ya kitu ni bora kuliko yote ya sifuri. Wateja wako pale tayari.

Ninachowaonya wenzangu ni kupeleka pale dunia yao wenyewe waliyoijenga miaka mitano. Peleka kisa kimoja. Usipeleke shamba lote.

Wako pia wasiotoa leseni kabisa na bado ni waungwana. Vincent na Meguey Baker, waliotunga Apocalypse World mwaka 2010, walisema tu kwamba mtu yeyote anaweza kutunga mchezo uliochochewa na wao, akitaka kutumia nembo yao aombe. Kutoka hapo imezaliwa michezo isiyohesabika.

Naweza kutafsiri D&D kwa Kiswahili nikauza?

SRD 5.1 na 5.2, ndiyo, tafsiri yote na uuze. Kitabu chenyewe cha mchezaji kinachouzwa madukani, hapana, hata ukigawa bure. Tafsiri ni haki ya mwenye kazi.

Ujue SRD si kitabu kizima. Ile ya 5.1 ina aina zote 12 za wahusika, lakini kila aina ina tawi moja tu, na usuli wa mhusika, yaani maisha yake kabla ya kisa, ni mmoja peke yake katika hati nzima. Mengine utunge mwenyewe, na hapo ndipo tunapopata nafasi. Usuli wa mtumishi wa hekalu wa Ulaya utatufaa nini? Andika usuli wa nahodha wa jahazi, wa manamba, wa mganga wa mizizi.

Tamko la kutaja chanzo limeandikwa mwanzoni mwa SRD. Linakili kama lilivyo, kwa Kiingereza chake, kisha weka tafsiri chini yake. Usiongeze maneno mengine ya kuwataja Wizards, hati inakataza. Inakuruhusu kusema kazi yako inaendana na toleo la tano, inatosha.

Nikimweka Fumo Liyongo kwenye mchezo wangu, namlipa nani?

Humlipi mtu. Liyongo na sindano ya shaba kitovuni ni vya wote. Ila usinakili tafsiri au hariri ya kisasa ya utenzi wake bila kuangalia, kwa maana mhariri ana haki zake. Na ukitumia mila za jamii mahususi, hasa mambo ya matambiko, soma sheria ya nchi yako. Kenya ina Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Hata pasipo na sheria, waulize wazee.

Usijidanganye tu kwamba ukishamwandika Liyongo amekuwa wako. Maneno yako ni yako, yeye si wako.

Nani mwenye picha zilizomo kitabuni mwangu?

Mara nyingi mchoraji, ila sheria ya kazi ya kuagizwa hutofautiana nchi kwa nchi, basi mkubaliane kwa maandishi. Ukiachia kitabu chako kwa CC BY bila kumuuliza, huenda umegawa usichomiliki. Andika: "Maandishi ni huria, picha si huria." Mstari mmoja, nao unaokoa urafiki.

Nimetunga mchezo wangu mwenyewe. Nitumie leseni gani?

Ugawe vipande viwili. Kanuni ziweke kwenye hati yake, bila hadithi na bila picha, chini ya CC BY 4.0. Dunia yako, wahusika na majina uyabakize kwako kwa hakimiliki ya kawaida, ambayo haihitaji kusajiliwa ili iwepo, ingawa ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya, watakuandikisha ukitaka ushahidi wa tarehe. Kama unataka wanaojenga juu ya kanuni zako nao waachie walichoongeza, tumia ORC au CC BY-SA badala ya BY.

Usiandike leseni yako mwenyewe. Nimeona za nyumbani nyingi, za upendo mtupu: "tumia upendavyo lakini kwa wema." Wema wa nani? Na kabla hujabonyeza, lala nayo usiku mmoja, kwa sababu ukishaitoa hairudi. Hata siku mchezo utakapopata umaarufu na mtu mwingine akawa anauza kuliko wewe.